Nani akubebee dawa mpaka Lamu? Wasafirishaji, kuanzia wa kumwamini mpaka wa kuepuka

Hii nawaandikia wenye maduka ya dawa na kliniki huku Lamu, na pia makampuni ya dawa ya Nairobi na Mombasa yanayotaka bidhaa zao zifike visiwani zikiwa bado dawa. Manake kila msafirishaji ukimpigia simu anakutumia picha za malori meupe yenye friji, na kusema kweli lori si shida, lori linaishia Mokowe, upande wa bara. Pale jeti, yaani gati la maboti, mzigo unashuka, unangoja boti, unavuka, unashuka tena Amu, yaani Lamu mjini, halafu unapandishwa punda au mkokoteni mpaka dukani. Dawa nyingi zinaharibikia hapo, kwa hivyo hawa nimewapanga kwa kuangalia hicho kipande cha mwisho kwanza.

Kabla ya yote jua unabeba nini. Vidonge vingi vinataka joto lisizidi digrii 25 au 30, soma boksi. Insulini, oksitosini (sindano ya kuzuia na kutibu kuvuja damu baada ya kujifungua) na chanjo nyingi zinataka kati ya 2 na 8. Na watu wanaogopa joto tu wakasahau kuganda, yaani insulini ikiganda hata mara moja ni ya kutupwa, chanjo ya pepopunda na ya hepataitisi B vilevile, na kwa macho pengine huoni tofauti yoyote. Utasikia pia "insulini si inakaa nje mwezi mzima bwana", na ni kweli aina nyingi zinavumilia joto la kawaida kama wiki nne, lakini hizo wiki ni za mgonjwa nyumbani kwake, zikiliwa njiani Garsen nani atamwambia yule mzee wa Shela kwamba yake imebaki siku chache?

Namba moja, na sioni wa kumkaribia, ni kampuni inayobeba dawa peke yake, yenye stoo Mombasa iliyo na leseni ya Pharmacy and Poisons Board (bodi ya serikali inayosimamia dawa), gari la friji, na mtu wake mwenyewe wa kupokea Mokowe. Hilo la tatu ndio ushupalie. Muulize hivi, boti likichelewa saa tatu mzigo unakaa wapi? Akikujibu "tutaongea na watu wa boti" basi tafuta mwingine. Anayejua kazi atakwambia dawa zinatoka kwenye gari zikiwa tayari ndani ya maboksi ya baridi, boti ameshalikodi, halibebi abiria na magunia, na kila boksi lina loga. Loga ni kadude kadogo kanakoandika joto kila baada ya dakika chache, ukipokea unakachomeka kwa kompyuta unaona safari nzima, saa ngapi baridi ilipotea na ilipotea kwa muda gani. Usisaini kupokea kabla hujaiona hiyo grafu, hata dereva akikuharakisha vipi. Na kabla hujampa kazi mwambie akuonyeshe grafu ya mzigo aliowahi kuleta Lamu, ya Nakuru haikusaidii.

Kama unaweza nenda stoo kwake uangalie wanavyopanga boksi. Barafu za paketi zinatolewa friza zinaachwa nje mpaka zitoke jasho na ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndio zipangwe. Wakizitumbukiza zikiwa zimekauka ngumu, ile insulini iliyogusana nazo inaganda kabla gari halijavuka Kilifi. Dakika kumi pale zitakufundisha kuliko tovuti yao yote.

Ubaya wake ni bei, na hawaji kwa katoni mbili, kwa hivyo maduka matatu manne muungane muagize siku moja.

Namba mbili ni ndege mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu. Kwa insulini kidogo au oda ya dharura kutoka Nairobi ni nzuri sana, na kutoka uwanjani mpaka Amu ni kuvuka maji tu. Shida ndege ni ndogo, abiria na mabegi yao kwanza, mzigo unaweza kuachwa. Kwa hivyo boksi liwe la kushika baridi saa 48, na awepo mtu kule Nairobi wa kulirudisha kwenye friji likiachwa. Huyo mtu akikosekana hii njia isahau.

Namba tatu, pikapu ya kawaida ya muuzaji wa jumla wa Malindi au Mombasa. Vidonge, bandeji, glavu, sawa, bora mzigo ufunikwe na gari lisilazwe juani, manake ndani ya bodi la bati joto linapita 40 kwa urahisi. Dawa ya friji hapana.

Ya mwisho ni basi. Najua wengi ndio tunatumia, ni rahisi na linafika kila siku, lakini buti ni moto, na kwenye vizuizi vya polisi mzigo unashushwa na kupekuliwa bila mwenyewe kuwepo. Pamba na sindano basi, usizidishe.

Kwenye mkataba iandikwe wazi dawa zikiharibika analipa nani na kuanzia wapi mpaka wapi, wengi bima yao inakomea jeti. Iandikwe pia njia mbadala. Mvua za mwisho wa 2023 mto Tana ulifura, barabara ya Garsen–Lamu ikakatika, sasa mwenye njia moja tu atakupigia simu ya kukuomba subira. Na bechi ikitakiwa kurudishwa, awe na rekodi ya kujua katoni gani ilienda duka gani, siku hiyohiyo.

Wa Faza na Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, mna swali la ziada, je anajua maji? Safari za kule zinafuata maji kujaa na kutoka, kwa hivyo mtu anayepanga safari kwa saa ya ofisi ya Nairobi atawaachia boksi linaiva Amu. Na kama unanunulia kliniki ya uzazi kule, muulize msambazaji kama ana kabetosini ile isiyotaka friji, WHO iliipendekeza 2018 kwa kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua pale ambapo bei yake inalingana na ya dawa nyingine. Ikipatikana, oksitosini ya kubeba kwa boti itapungua, lakini usiitoe yote, manake kabetosini ni ya kuzuia tu, mama akishaanza kuvuja damu bado inatakiwa oksitosini.