Twenty Twenty-Five: kiolezo cha bure cha WordPress kinachomwaga makala zote ukurasa wa mbele

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo utangulizi sina, nimekuja na hasira zangu. Kama una blogu na umeiacha na kiolezo hiki bila kukigusa, kaa hapa, maana huenda unawamalizia watu bando na hujui.

Ni Twenty Twenty-Five, kiolezo (theme, yaani mpangilio wa mwonekano wa tovuti) cha bure kinachokuja na WordPress yenyewe, ile programu ya kujengea tovuti na blogu, kilichoingia na toleo la 6.7 Novemba 2024. Kukisakinisha sielezi, ukiweka WordPress mpya unakikuta humo. Twende kwenye kero.

Tazameni skrini ya simu. Hii ni blogu ya mfano, ya mapishi. Nafungua ukurasa wa mbele, makala ya kwanza ni pilau. Haya, nashuka. Binzari nyembamba, mdalasini, vitunguu vinakaangwa... bado pilau. Nashuka. Nyama inachemshwa. Bado pilau! Picha ya sufuria, picha ya sahani, shukrani kwa shangazi, ndipo inatokea tarehe. Na chini yake? Mbaazi za nazi, nazo nzima nzima kuanzia kuloweka. Aliyekuja kutafuta kachumbari ameshajiondokea.

Na usisahau WordPress imepangwa kuonyesha makala 10 kwa ukurasa mmoja. Kumi, zote kamili! Kwa haki, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 picha za chini hazipakuliwi zote kwa mkupuo, zinakuja kadiri mtu anavyoshuka. Sawa, lakini ili aifikie makala ya tatu si lazima ashuke? Basi zinapakuliwa.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwenye komenti, "Nenda Settings, Reading, weka Excerpt," yaani muhtasari. Kaka, usome vizuri huo mstari. Unahusu feed, yaani makala zinavyowafikia wanaofuata blogu yako kwa programu nyingine. Hapa naubadilisha mbele yenu, nahifadhi, nafungua tena ukurasa wa mbele. Pilau hilo hapo, halijapungua hata punje.

Dawa yenyewe hii, fuateni polepole. Ingia Appearance, halafu Editor, halafu Templates, fungua Blog Home. Gusa maandishi ya makala ya kwanza. Umeona? Limeshikwa boksi zima linaloitwa Content. Lifute. Palepale bofya alama ya kujumlisha, tafuta Excerpt, liweke. Pembeni kuna kitelezi cha idadi ya maneno, kinaanzia 55. Mimi nakishusha hadi 30 hivi. Kisha pale pa kiungo cha kuendelea andika "Soma zaidi", kwa Kiswahili chako.

Sasa bofya Save. Usiondoke! Ikifunguka orodha ya ulivyobadilisha, thibitisha kwa Save ya pili. Kuna wanaoishia ile ya kwanza, wanafunga, halafu wanakuja huku kusema nimewadanganya. Ukimaliza hapo, fungua na Archive, ule ukurasa wa orodha za kategoria, ufanye vilevile, la sivyo mtu akigusa kategoria anakutana na pilau lake palepale.

Haya, natazama tena kwenye simu. Pilau mistari michache, mbaazi, kachumbari, maandazi. Kidole kimoja tu na nimeziona zote. Hivi kweli ilishindikana kukitoa hivi tangu mwanzo?

Ila sasa, mimi si mtu wa chuki. Nikifungua Styles humohumo kwenye Editor, moyo unalainika. Kuna mitindo ya rangi iliyopewa majina ya nyakati za siku: Noon, Dusk, Evening, Midnight na mengine. Unagusa mara moja, tovuti nzima inabadilika, rangi na mwandiko pamoja. Hiyo Evening, weusi na maandishi meupe, kwa mpiga picha inapendeza hatari. Na mafaili ya fonti yamo ndani ya kiolezo chenyewe, hayaitwi kutoka seva ya mtu mwingine. Hapo waliotengeneza nawapa heshima yao. Kuna hata mpangilio wa ukurasa wa mbele wa kihabari na wa picha, ukitaka kukwepa kazi yote niliyowaonyesha.

Mtaniuliza, vipi violezo vingine, vipi Astra, vipi Kadence? Kwenye Astra ya bure unachagua tu, muhtasari au makala nzima, basi. Upande huo imemshinda huyu wetu mchana kweupe. Lakini Astra na Kadence zote zina toleo la kulipia, kwa hiyo kuna vitu utakuta vimefungwa mpaka utoe hela. Twenty Twenty-Five haina cha kulipia. Leseni yake ni GPL, ya programu huria, unaruhusiwa kumjengea nayo mteja na ukamtoza kazi yako. Gharama utakayobaki nayo ni jina la tovuti na seva.

Na wale wa kupeana violezo vya kulipia vilivyokrakiwa kwenye magrupu ya Telegram, acheni. Unafungua faili ndani unakuta msimbo umefichwa, kesho tovuti ya mteja inatangaza kamari.

Kabla sijasahau, video mliyoomba ya kujenga duka kwa WooCommerce, programu ya kuuzia bidhaa ndani ya WordPress, inakuja, bado nahariri. Ambao hamjabonyeza kengele, bonyezeni, isije ikawapita.

Kwa hiyo nakitumia au sikitumii? Kwa blogu ya maandishi na tovuti ya mtu binafsi, nakitumia, baada ya kufuta lile boksi. Duka au gazeti lenye kategoria nyingi, mteja wangu namwekea Kadence. Ambaye kwake Save imegoma, aniandikie hapo chini ni toleo gani la WordPress analo, nianze na huyo.