Kabla ya kuuliza si-si, uliza pampu ya oili: misumeno ya mnyororo kwa muuza kuni

Msumeno wa mnyororo nilioununua kwa shilingi laki tatu na themanini, katika duka moja la vifaa ambalo sitalitaja, ulikuwa na sifa ambayo muuzaji aliirudia mara tatu kabla sijafungua pochi: hautumii oili nyingi ya kulainisha cheni. Nilifurahi, kwa kuwa katika biashara ya kuni oili ni gharama inayouma kila siku, na vijana wangu wawili nao walifurahi walipomaliza tangi la tatu la petroli huku tangi la oili likiwa bado limejaa hadi mdomoni. Siku ya nne baa, yaani bapa la chuma ambalo cheni huzunguka juu yake, ilikuwa imegeuka rangi ya buluu kama kisu kilichosahauliwa motoni, cheni ilikuwa imelegea hadi inaning'inia, na gogo la mkaratusi lilitoka na alama nyeusi ya kuungua pale lilipokatwa. Msumeno haukuwa ukibana matumizi hata kidogo. Pampu yake ya oili ilikuwa haifanyi kazi tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa tukiushangilia ugonjwa.

Nauza kuni Mufindi, mkoani Iringa, za mikaratusi na miwati, na mwongozo huu ni kwa mtu anayefanya biashara kwa kiwango changu: ana msumeno mmoja au miwili, ananunua miti iliyosimama kwa mkulima, anaikata vipande vya meta moja moja, anavipanga na kuvipeleka kiwanda cha chai, tanuri la matofali au kwa mwoka mikate. Zamani tulikuwa na shule pia, lakini tangu serikali ilipozielekeza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku kuachana na kuni na mkaa, kuanzia Januari 2024, wateja hao wamekuwa wakipungua, na faida iliyobaki haiwezi kuvumilia msumeno unaokula baa mpya kila mwezi. Sitazungumzia nguvu za injini wala si-si, yaani ukubwa wake, kwa urefu, wala uzito, wala urefu wa baa, kwa sababu hayo yameandikwa kwenye boksi na kila muuzaji ameyakariri. Nitazungumzia kitu ambacho hakijaandikwa kwenye boksi lolote nililowahi kulisoma.

Ukifungua kifuniko cha upande wa baa na kuivua klachi, utaona gia ndogo iliyosokotwa kama skrubu. Mtu anapopiga resi, klachi hushika, ngoma yake huzunguka, na gia hiyo huzungusha mhimili mwembamba ndani ya pampu, ambao hunyonya oili kutoka kwenye tangi kupitia chujio na mpira, kisha huisukuma hadi kwenye tundu dogo ubavuni mwa baa. Kutoka hapo oili huingia kwenye mfereji wa baa na kubebwa na cheni. Hayo ndiyo yote, na kila kimoja kati ya vitu hivyo huweza kuharibika peke yake: gia huyeyuka au kulika meno, mpira hupasuka na kuvuta hewa badala ya oili, chujio huziba kwa tope, na tundu la baa hujaa unga wa mti uliochanganyika na utomvu hadi likawa kama limepigwa simenti. Cheni inayopigwa resi hukimbia takriban meta 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, kwa hiyo dakika chache bila oili hutosha kuiua baa, na baa ikifa huondoka na cheni na kijino kinachoizungusha. Mpaka hapo mtu huwa ameshamlaumu mnoaji, ameilaumu tupa, na kumfukuza kibarua asiye na hatia.

Watengenezaji makini hupima matangi mawili kwa pamoja, ili petroli iishe kabla ya oili kwa tofauti ndogo tu. Kanuni inayotoka hapo ni rahisi: kila unapojaza petroli, tangi la oili liwe karibu tupu. Likiwa limejaa, zima msumeno na usiuwashe tena mpaka ujue sababu. Kipimo cha pili hufanyika dukani au shambani: washa msumeno, elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe au kisiki kilichokatwa sasa hivi, umbali wa shubiri moja bila kugusa, kisha piga resi. Mstari mwembamba wa matone unapaswa kujichora kwenye karatasi. Usipojichora, hata kama injini inanguruma kama simba, huo si msumeno wa biashara. Kipimo cha tatu ni cha mdomo tu, na ndicho ninachokithamini zaidi: kabla ya kuuliza bei ya msumeno, muulize muuzaji bei ya pampu yake ya oili na gia yake. Akisema hana, au akikuangalia kana kwamba umeuliza bei ya mwezi, mshukuru na uende duka la jirani.

Sasa niipange, na sifichi upendeleo wangu. Nafasi ya kwanza naipa Stihl MS 381, yenye injini ya si-si 72.2 na nguvu ya kilowati 3.9. Andreas Stihl alianzisha kampuni hiyo Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926, na ingawa umri si ushahidi wa akili, kwenye suala la oili wamefikiri vizuri: pampu hufanya kazi cheni inapozunguka tu, hivyo haimwagi oili msumeno ukiwa unanguruma bila kupigwa resi, na kuna skrubu ya kuongeza au kupunguza oili. Skrubu hiyo ni mali. Ninapokata miwati iliyokauka, ambayo ni migumu na hupasha baa joto haraka, naifungua zaidi. Nikikata mikaratusi mibichi yenye majimaji, naipunguza. Mwenye mashine isiyo na skrubu huishi kwa kiwango alichopangiwa na kiwanda, awe anakata mti mkavu au mbichi. Ni msumeno mzito kwa mtu atakayekata matawi tu, na bei yake inaweza kukufanya uahirishe mipango ya kuezeka, lakini kwa anayejaza Fuso mbili kwa wiki sijaona wa kuuzidi.

Nafasi ya pili ni Husqvarna 272 XP, kutoka kampuni ya Uswidi iliyoanza mwaka 1689 kama kiwanda cha bunduki. Ukubwa wa injini yake unalingana na wa mwenzake, nguvu ni kilowati 3.6, na oili yake pia hurekebishwa kwa skrubu. Mwenye nao asiuuze kwa sababu yangu. Naushusha nafasi moja kwa sababu ya kienyeji tu: fundi wangu anavijua vipuri vya Stihl kwa kupapasa gizani, ilhali vya Husqvarna huvitafuta kwenye simu.

Nafasi ya tatu ni Stihl MS 250, wa si-si 45.4, kwa anayeanza au anayekata magogo membamba, mabanzi na matawi yanayoachwa na wapasua mbao. Ni mwepesi na kijana anaweza kuushika kutwa nzima. Hapa lazima nikiri kwamba hata kampuni ninayoipenda imefanya jambo nisilolipenda: gia inayoendesha pampu ni ya plastiki, na huzungushwa na waya mdogo unaojishikiza kwenye ngoma ya klachi. Ikitunzwa hufanya kazi kwa muda mrefu, lakini klachi ikiteleza na kupata moto kwa sababu cheni ni butu na mkataji analazimisha, plastiki hiyo ndiyo inayoteseka kwanza. Nunua gia ya akiba siku ile ile unayonunua msumeno; ni kitu kidogo kuliko kidole gumba.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sijautaja Stihl 070, mkongwe wa si-si 105.7 ambao kila mpasua mbao anauheshimu. Ni mashine ya kupasulia magogo makubwa kuwa mbao. Bila baa una zaidi ya kilo kumi, na kuutumia kukatia kuni za meta moja ni sawa na kuvunja karanga kwa nyundo ya mhunzi.

Kuhusu misumeno ile isiyo na jina, yenye namba 52 au 58 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote, nimeshaeleza yaliyonipata. Ukilazimika kuununua, uwe wa kupunguzia matawi nyumbani, na uhesabu bei yake pamoja na bei ya pampu utakayoitafuta usiipate.

Msumeno mzuri nao huuawa na oili mbaya. Karibu kila mkata kuni ninayemfahamu hujaza oili chafu iliyomwagwa kwenye injini za malori, kwa sababu hupewa bure au kwa bei ya soda. Oili hiyo ina chembe za chuma na masizi, nazo huzisaga kuta za pampu na kuziba chujio. Isitoshe haigandi kwenye cheni, bali hurushwa yote kwenye ncha ya baa kabla haijafika upande wa chini, ambako ndiko kukata kunafanyika. Hurushwa pia kwenye suruali na ngozi ya kijana wako, naye anarudi nyumbani kumbeba mwanawe. Oili ya cheni yenyewe ndiyo bora. Ukiikosa, tumia oili safi ya injini namba 30. Namba 40 nimeiacha kwa sababu ya Juni na Julai, maana asubuhi za baridi yetu huwa nzito kama asali ya chupa, na pampu hubaki ikivuta bila kupata kitu mpaka jua lichomoze vizuri. Usiichanganye pia na oili inayotiwa kwenye petroli ya injini, ambayo kazi yake ni nyingine kabisa. Stihl husema sehemu moja ya oili yake kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita tano, na ukitumia oili ya tu-taimu (ya injini za mipigo miwili) ya kampuni nyingine, sehemu moja kwa 25, yaani mililita 200.

Kila jioni vijana wangu huvua baa, hukwangua mfereji wake kwa kipande cha bati, hupenyeza waya mwembamba kwenye tundu la oili, na kila wanoapo cheni huigeuza baa juu chini ili isilike upande mmoja. Kazi hiyo haichukui hata robo saa. Chujio la ndani ya tangi huoshwa kwa petroli kila mwisho wa mwezi.

Na sasa wauzaji, kwa kuwa siwezi kumaliza bila wao. Niliporudisha ule msumeno wa laki tatu na themanini, niliambiwa kwamba pampu haiuzwi peke yake na kwamba nafuu ninunue msumeno mwingine. Duka la pili niliambiwa, "Mama, mwite mzee aje achague," ilhali mzee mwenyewe ni mwalimu wa hisabati ambaye hajawahi kushika hata tupa. Duka la tatu walinionyesha msumeno wenye rangi ya machungwa na nyeupe, jina likiwa limekosewa herufi moja, wakaupandisha bei hadi nusu ya bei ya ule halisi ili niamini. Wapo pia wanaouza msumeno halisi lakini wakaitoa cheni iliyokuja nayo na kukuwekea ya kukatwa kwenye roli, kwa hiyo fungua boksi mbele yao na usikubali maneno kwamba limefungwa kiwandani na likifunguliwa dhamana inakufa. Dhamana isiyoruhusu bidhaa kutazamwa inamlinda nani?

Kwa sababu ya bei hizo wengi wetu tutaishia kununua misumeno iliyotumika, na sioni aibu. Ule wa pili ninaoutumia sasa nimeununua kwa mpasua mbao aliyehamia kwenye udereva. Vua baa na utazame pande mbili za mfereji: zikiwa zimetanuka au zina ukingo mkali unaokata kidole, mashine hiyo imewahi kukimbizwa kavu, na hesabu bei ya baa na pampu ndani ya mapatano. Tazama chini ya pampu kama kuna oili inayovuja mahali msumeno ulipowekwa usiku. Kisha omba uwashwe. Mara nyingi utaambiwa petroli imeisha, hivyo mimi huenda na nusu lita yangu kwenye chupa, iliyochanganywa tayari, pamoja na karatasi nyeupe iliyokunjwa mfukoni.