Kupuliza rangi vyombo vya nyumbani pwani ya Kusini: ununue nini, uache nini

Feni yangu ya kusimama ndiyo iliyonifundisha kazi hii. Kutu ilikuwa imeshaila kwenye nguzo na kwenye wavu, kama inavyokula chuma chochote kinachokaa Shangani ya Mtwara dirisha likiwa wazi upande wa bahari. Nikanunua kopo la spreyi nyeusi, nikaitoa feni uani saa tisa alasiri, nikapuliza mpaka kopo likabaki upepo mtupu. Jioni ile iling'aa utadhani imetoka dukani. Wiki ya pili ikaanza kuota malengelenge, na upande uliokuwa umeelekea upepo ukawa unakwaruza kiganja kama msasa.

Nikaibeba mpaka kwa fundi mmoja wa bodi za magari, mtu mzima.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hii nani kaipaka?"

Nikanyamaza. Akabandua lengelenge moja kwa ukucha, akalowesha kidole, akagusa chuma kilichokuwa chini yake, akakionja. "Onja na wewe." Nikaonja. Chumvi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, Lindi au Mchinga, ambaye ana feni, stuli, kitanda cha chuma, kabati au fremu ya kioo, na anataka rangi itoke laini na idumu. Wa Newala na Masasi mnaweza kuusoma pia. Chumvi kwenu ni kidogo, ila vumbi mnalo.

Nianze na vitu ambavyo havimo kwenye orodha yangu ya njia za kupaka, inayoanza na inayofaa zaidi, kwa sababu havina mashindano. Pesa ya kwanza iende kwenye msasa, sabuni na praima, ile rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe. Chombo cha pwani kioshwe kwa maji baridi ya bomba na sabuni kabla ya msasa, kwa sababu ukianza na msasa unaisugua chumvi iingie kwenye mikwaruzo. Kikauke kabisa. Msasa namba 120 kwa kutu na rangi iliyobanduka, kisha 220 kufuta mikwaruzo ya ule wa kwanza, kisha 400 wa maji juu ya praima. Rangi kuukuu, hasa za zamani sana, zisuguliwe kwa maji ili vumbi lisiruke, maana baadhi yake zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto wako wanacheza hapo hapo. Chuma chenye kutu kinataka praima ya redioksaidi, ile nyekundu ya kuzuia kutu. Bati la mabati na ndoo za mabati zina tabia yake: ukizipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, rangi inagombana na zinki na baada ya muda inabanduka kama ngozi ya nyoka. Hizo zinataka praima yake maalumu. Muulize muuza duka kama praima hiyo ni ya mabati, na usome kopo mwenyewe, usitosheke na "ndiyo, inafaa tu".

Sasa orodha.

Ya kwanza: makopo ya spreyi

Kwa kitu chochote kisichozidi ukubwa wa stuli au feni, sijaona kinachoyashinda. Hakuna kuosha bunduki ya kupulizia, hakuna thina ya kulegeza rangi, hakuna umeme. Tatizo ni kwamba watu huyanunua vibaya na kuyatumia vibaya zaidi.

Dukani, chukua kopo na ulitikise. Gololi iliyomo ndani inatakiwa igonge wazi wazi. Kopo lililolala rafu moja miaka miwili, gololi yake imenaswa kwenye rangi iliyoganda chini, na hata ukitikisa nusu saa rangi itatoka maji maji. Angalia kichwa hakijavunjika na kingo hazina kutu. Yale yaliyopangwa nje ya duka juani usiyaguse. Makopo haya huandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50, na mchana wa Desemba juani kopo linaweza kulikaribia hilo.

Hesabu kabla ya kulipa. Kopo la mililita 400 linatosha kama mita moja ya mraba, au moja na nusu ukiwa makini, kwa mikono, yaani matabaka, miwili mitatu myembamba. Stuli moja ni kopo moja. Kabati la milango miwili lenye urefu wa mita 1.8, upana wa mita 1.2 na kina cha nusu mita lina kama mita nne na nusu za mraba ukihesabu mbele, ubavu wote wawili na juu. Hapo unahitaji makopo manne au matano, ilhali lita moja ya rangi ya mafuta ingetosha mikono miwili. Ndipo makopo yanapopoteza nafasi yake ya kwanza.

Nunua yote siku moja, na praima iwe ya kampuni ile ile ya rangi. Rangi mbili zisizopatana, moja ikiwa bado mbichi, ya chini hukunjamana kama uso wa mzee. Kuhusu kununua yote siku moja, nina sababu ya kwetu: bidhaa nyingi za namna hii hutoka Kariakoo kwa barabara, na mwaka 2024 mafuriko yalipokata barabara maeneo ya Somanga, mwenye kabati nusu jeupe alibaki na kabati nusu jeupe.

Kupuliza kwenyewe: tikisa dakika mbili baada ya kuisikia gololi. Umbali ni sentimita 20 hadi 30, yaani kama shubiri moja na ushee. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye chombo, pita, achia ukishavuka ukingo wa pili. Kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe mwembamba kiasi cha kukuudhi, uone bado praima inachungulia. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa na subira, tunarudia pale pale, rangi inatoa machozi. Ikitoa machozi usiguse kwa kidole. Iache mpaka kesho, kata kwa msasa 400 wa maji, upulize tena. Ukimaliza, geuza kopo kichwa chini, bonyeza mpaka itoke hewa tupu, vinginevyo kichwa kitaziba.

Kitu kimoja zaidi, na hiki si cha mzaha. Gesi inayosukuma rangi ndani ya makopo mengi ni jamaa wa gesi ya kupikia. Mama mwenye nyumba akiwa na jiko la mkaa uani, subiri amalize kupika.

Ya pili: fundi wa gereji

Najua huu ni mwongozo wa kununua, na huduma nayo inanunuliwa. Kwa kabati, kitanda au geti dogo, mpelekee anayepuliza magari. Ana kompresa, ile mashine ya kubana hewa ya kupulizia, ana mkono wa kazi, na mara nyingi ana rangi ya gari iliyobaki kwenye kazi nyingine atakayokuuzia kwa bei ya kirafiki. Rangi ya gari yenye hadina, ile dawa inayochanganywa ili ikauke ngumu, hustahimili chumvi na mikwaruzo kuliko rangi ya kopo la kawaida.

Patana kwa kitu kizima, si kwa siku, na ukubaliane mapema kama praima na msasa vimo kwenye bei. Kisha uliza maswali mawili. Anatoa maji kwenye tenki la kompresa kila asubuhi? Atamwagia maji sakafu kabla ya kupuliza ili vumbi litulie? Fundi anayejua kazi atacheka, ajibu. Anayekasirika, aga kwa adabu uondoke.

Usijaribu mwenyewe nyumbani rangi zenye hadina. Moshi wake unadhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa tuliyobaki nayo tangu enzi za korona haizuii chochote hapo. Hapo inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Ile yenye vichujio vya mkaa, kwa kweli ungeivaa hata kwa makopo ya kawaida kama unapuliza ndani.

Ya tatu: rola ya sponji

Mtanishangaa. Lakini rola ndogo ya sponji laini, na rangi ya mafuta iliyolegezwa kidogo kwa thina, hutoa mlango au meza laini kuliko mashine mbovu, na upepo wa kusi hauna habari nayo. Paka mkono mwembamba, kisha pitisha rola tupu juu juu, bila kukandamiza, kuvunja mapovu. Kesho yake msasa 400, mkono wa pili. Haifai kwenye wavu wa feni wala kwenye maua ya chuma ya kitanda. Kwenye bapa inafaa mno, na bei yake ni ndogo hata usipoitaja.

Ya nne: kompresa yako mwenyewe

Kama una kazi za mara kwa mara, kwa mfano unauza samani au unatengeneza vitanda, hii inapanda kuwa ya kwanza. Kwa mtu wa feni mbili kwa mwaka ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha chai.

Wauzaji hukuuzia kwa ukubwa wa tenki. Tenki si kitu. Kinachohesabika ni lita za hewa zinazotoka kwa dakika. Kompresa ya lita 24 haiwezi kulisha bunduki kubwa ya gari yenye nozo, yaani tundu la kutolea rangi, ya milimita 1.4: inaanza vizuri, presha inashuka katikati ya mlango, rangi inaanza kutema matone. Ukiwa na kompresa ndogo nunua bunduki ndogo ya kikombe cha juu, nozo ya 0.8 au 1.0, uipulizie stuli na fremu kwa utulivu. Presha iwe bar 2 hadi 3 mkono ukiwa umebonyeza kifyatulio, maana ukisoma saa ya presha wakati bunduki imepumzika inakudanganya.

Kisha maji. Hewa yetu imejaa unyevu; ikibanwa kwenye tenki inayatoa maji yake, na maji hayo hupanda na bomba mpaka kwenye rangi na kuacha vishimo kama vya sindano. Nunua kichujio cha maji siku ile ile unayonunua kompresa, na ufungue koki ya chini ya tenki kila ukimaliza. Mara ya kwanza nilipoifungua ya rafiki yangu, yalitoka maji ya rangi ya chai yakajaza nusu kikombe. Gesi asilia ya Mnazi Bay ya kuzalisha umeme tunayo, lakini umeme wa jioni ukiyumba mota inanguruma bila kuzunguka. Zima, usiilazimishe.

Ya tano: kipulizio cha umeme cha mkononi

Kile cha plastiki chenye mota na kikombe chini. Kwenye picha za matangazo kinapaka uzio mzima bila shida, na kwenye uzio kinafaa kweli. Kwenye mlango wa kabati matone yake ni makubwa, na mota ya bei nafuu hutoa hewa ya moto inayokausha rangi kabla haijatandaa, ndiyo maana unapata vipele kama ganda la chungwa. Ukishakuwa nacho, legeza rangi mpaka ukiinua kijiti itiririke uzi halafu uzi ukatike kuwa matone, na chuja kwa soksi nyembamba. Kuosha kwake ni robo saa. Nimekiazima mara mbili, sijakinunua.

Chochote utakachochagua, saa ni muhimu kuliko chombo. Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Anza kama saa tatu asubuhi umande ukishakauka, maliza kabla ya adhuhuri upepo wa bahari haujaamka. Ile feni yangu iliyokwaruza upande mmoja, ni upepo wa saa tisa: rangi ilikauka hewani ikatua kama vumbi. Na mwezi Machi, hewa ikiwa imelowa, vanishi ya kukauka haraka hugeuka ukungu mweupe, kwa sababu thina ikipaa huupoza uso wa mbao na unyevu hutua juu yake. Nina stuli moja ya namna hiyo, wageni huniuliza nimeupataje mtindo ule.

Ya mwisho kabisa: bomba la mikorosho

Lazima niliseme kwa sababu kila mwaka kuna mtu anajaribu. Mjomba wangu alikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia dawa mikorosho, na kitanda cha chuma cha kupaka rangi ya fedha. Akaona ni jambo moja. Akamimina rangi ya mafuta na thina, akapiga pampu, akajiweka sawa kama anayeukabili mkorosho wenye ugonjwa wa ubwiriunga. Rangi ilitoka matone ya mvua ya masika, ikashuka miguuni mwa kitanda, ikaganda hapo kama nta. Thina nayo ilishaanza kuila mipira ya ndani. Kitanda kikaenda gereji, na kabla ya msimu wa kupulizia ikabidi atafute bomba jingine.