Uzoefu wangu: bampa la winchi kwenye Land Cruiser mkonga, Mtwara

Bampa ninalolieleza ni la chuma, linakuja na kiti cha winchi (mashine ya kulivuta gari likinasa) ndani yake, na limefungwa kwenye Land Cruiser HZJ79, pikapu tunayoiita mkonga, yenye injini ya 1HZ. Gari linapiga kazi kwenye mchanga wa Msimbati na kwenye udongo mweusi wa mbuga, njia ya Nangurukuru kwenda Liwale. Nalipendekeza bila kusita, ila sababu zangu ziko chini ya bampa, si kwenye sura yake.

Ukienda kununua, achana kwanza na mabomba na nafasi za taa. Inama, tazama kwa chini. Winchi ikivuta, nguvu yote inatoka kwenye waya, inaingia kwenye kiti, inapita kwenye vishikio viwili vya pembeni na kuishia kwenye chasisi. Mabomba hayabebi chochote hapo. Kwenye hili kiti ni bamba la milimita 6, vishikio milimita 10, na mshono wa kuchomelea umezunguka pande zote, haukurukwa nukta kwa nukta. Nimeyaona madukani ya milimita 3 yaliyopakwa rangi nzuri sana. Hayo ni pambo. Pima pia matundu ya kiti: winchi nyingi za pauni 8,000 hadi 12,000 zinataka milimita 254 kwa 114.3.

Ukubwa wa winchi haubahatishwi. Chukua uzito wa gari likiwa na mzigo, zidisha mara moja na nusu. Mkonga wenye mzigo ukiukadiria kilo 3,300 unapata 4,950, kwa hiyo winchi ya pauni 9,500 (kilo 4,300 hivi) haifiki, ya 12,000 (kilo 5,440) inatosha. Na hiyo nguvu ya kwenye karatasi ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Kadiri tabaka zinavyoongezeka, nguvu inapungua.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa watu wawili wenye jeki na ubao. Toa bampa la zamani na ndoano za kuvutia, kisha sugua ncha mbili za chasisi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Tafuta ufa na kutu iliyokula ndani. Magari yaliyokaa pwani huanza kuoza hapo. Winchi ifungwe kwenye bampa likiwa bado chini, kwa sababu likishapanda mkono haupiti. Bolti ni nne za M10 (unene wa milimita 10), na nati zake za mraba hutumbukizwa kwenye mifereji ya miguu ya winchi. Angalia urefu: kwa kiti cha milimita 6, bolti ya milimita 30 hadi 35 kwa kawaida inatosha. Ikizidi inagonga mwisho wa tundu, spana inakuambia imekaza, kumbe winchi inacheza. Kabla ya kupandisha, hakikisha mkono wa klachi ya winchi (unaoiachia ngoma izunguke) unafikika na unazunguka wote.

Pandisha, tia bolti zote nane za M12 bila kukaza, sawazisha nafasi kati ya bampa na madigadi kulia na kushoto, halafu kaza kwa kupishanisha. Kama mtengenezaji hakuleta karatasi ya vipimo, M10 ya daraja 8.8 (kipimo cha uimara wa bolti) inakaa vizuri kwenye nyutoni mita 45 na M12 kwenye 80. Namba 8.8 iwe imechapwa kichwani. Bolti zisizo na alama za duka la vifaa vya ujenzi ni za kufungia mageti.

Matundu yasipolingana, na kwa magari yaliyowahi kugongwa mara nyingi hayalingani, fundi atataka kuyapanua kwa gesi. Kataa. Tundu la gesi linakuwa la mviringo mbovu, na siku ya kwanza ukivuta kwa upande bampa linateleza na kukaa mshazari. Panua kwa drili, milimita moja tu. Ikihitajika zaidi ya hapo basi chasisi imepinda, inyooshwe kwanza. Na asikushawishi mtu kuchomelea bampa kwenye chasisi. Joto hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono, ufa unaanzia hapo hapo, na siku ya kulitoa unakata chasisi.

Umeme ndio unaoharibu winchi nyingi huku kwetu. Winchi ya ukubwa huu ikilemewa inakunywa ampea 400 na zaidi, na hakuna alteneta ya gari hili inayofika huko. Kinachovuta ni betri. Injini iwe inanguruma, vuta chini ya dakika moja, pumzisha. Nyaya ziwe za milimita mraba 50, na hasi irudi moja kwa moja kwenye betri, isiishie kwenye chasisi. Chumvi ya bahari inakula kiungo cha chasisi, umeme unapita kwa shida, winchi inakuwa dhaifu na watu wanailaumu winchi. Waya wa chanya uvishwe mpira unapopita ukingo wa bampa na uwe na swichi kuu karibu na betri, maana ukichubuka na kugusa chuma ni moto. Kabla ya kuagiza, jua kama gari ni la volti 12 au 24.

Nimechagua kamba ya sintetiki badala ya waya wa chuma. Inapunguza uzito mbele na haina kutu, lakini inataka mdomo laini wa alumini pale inapopitia, si rola zilizokwisha kukwanguliwa na waya, na mchanga uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi. Acha mizunguko isiyopungua 10 kwenye ngoma. Ya chuma ni 5. Ukifunga kwenye mti, tumia mkanda mpana. Mkorosho ni mali ya mtu, ukichubuliwa gome umemla mwenyewe msimu wake, kwa hiyo omba kwanza.

Lawama zangu kwa bampa ni mbili. Halina matundu ya kutosha ya kutoa maji, matope ya Liwale yanakaa ndani. Nimeongeza mawili ya milimita 12 kila upande na kuyapaka praima. Na nafasi ya taa za ziada iko mbele kabisa ya rejeta. Ukizifunga hapo zinaziba upepo, na utaiona geji ya joto ikipaa ukipanda Newala kutokea Masasi na mzigo.

Bampa na winchi vinaongeza karibu kilo 100 mbele ya ekseli. Pima kutoka katikati ya habu hadi madigadi kabla na baada. Gari likishuka zaidi ya sentimita 2, badilisha springi za mbele kwanza, halafu rekebisha taa kubwa. Kila nati ichorwe mstari wa rangi unaovuka mpaka kwenye kishikio. Baada ya mvuto wa kwanza mzito, na tena kwenye kilomita 500, tazama mistari: uliokatika ndio wa kukaza.