Miezi 18 Delft: uzamili wa maji kwa mtu wa mitoni

Nilifika IHE Delft, Uholanzi, baada ya miaka sita ya kushinda kwenye mito ya bonde la Rufiji, nikijiona fundi wa kupima maji. Chuo kilianza 1957, miaka minne tu baada ya bahari kuvunja kuta na kuua Waholanzi zaidi ya 1,800. Pale maji hawayafanyii mzaha.

Nilivyosoma mimi, masomo yalikuja moja moja: wiki tatu, mtihani, linaingia jingine. Ukiugua siku nne umeachwa. Meza yetu ilikuwa na Mbangladeshi, Mkolombia na Msudani, na kila mmoja ana mto wake wa kuulalamikia.

Kilichonirudishia gharama zote ni swali moja. Mwalimu alitazama takwimu zangu za mto Ruaha Mkuu kutoka kituo cha kupimia cha Msembe akauliza, mafuriko haya mliyapimaje? Sisi husoma kina cha maji, kisha mchoro hutugeuzia kina hicho kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Sasa mto ukifurika nani ataingia na mita ya mkondo, kile kifaa cha kupima kasi ya maji? Kwa hiyo ncha ya juu ya mchoro ni mstari uliorefushwa kwa rula. Nilinyamaza. Rula ilikuwa yangu.

Tasnifu ikaangukia hukohuko. Maji ya kinamasi cha Ihefu, juu ya Msembe, yakishuka chini ya mwamba wa Ng'iriama ulio kwenye mlango wake wa kutokea, mto huku chini hukatika kabisa, kama ulivyokatika 1993. Modeli yangu ya kompyuta ikashikilia kwamba mwezi wa kumi na moja maji yanatiririka, ilhali mimi mwenyewe nimewaona viboko wamebanana kwenye vidimbwi. Wiki tatu nilibishana nayo kabla ya kukumbuka kuuingiza huo mwamba.

Anayetaka kwenda anoe hesabu na ajifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kabla ya kupanda ndege. Mimi nilijifunza usiku huku wenzangu wamelala. Ada usithubutu kuilipa kwa mshahara, tafuta ufadhili. Na koti nunua kulekule, la mtumba la Mchikichini halifui dafu. Desemba saa kumi na moja jioni jua limeshazama.

Nyota nne. Ya tano waliondoka nayo baridi na mwizi aliyeniibia baiskeli mara mbili.

Nimerudi. Daftari la Msembe nimelifungua upya, na safu ya mafuriko nimeiwekea alama za kuuliza kwa penseli.