Mshale wa mausi kwa kompyuta kuukuu: nimeubadilisha, haya ndiyo maoni yangu

Kale jamani, kila mtu anareview simu mpya, mimi leo nareview kitu kiko bure ndani ya kompyuta yako kuukuu na labda hujawahi hata kukifungua, ile sehemu ya kubadilisha mshale wa mausi kwa Windows 7 na Windows XP. Mashine nayoongelea ni zile Dell OptiPlex used zinazojaa maduka ya Kampala, ramu 2GB, monita ya inchi 17 ile ya karibu mraba, ndizo tunazo hapa Arua kwa duka letu la kutaipu na fotokopi na wengi wenu ndizo mnazo msidanganye. Najua Microsoft walishaacha kuzihudumia, XP mwaka 2014 na 7 mwaka 2020, lakini mashine inawaka, printa inaitii, wateja wamepanga foleni, sasa nani atakimbilia kununua nyingine?

Njia ni fupi: Start, Control Panel, Mouse, halafu tabo ya Pointers. Hapo unakuta orodha ya mishale 15 maana kumbe huo mshale sio mmoja, kuna wa kawaida, kuna wa kusubiri, kuna ule mwembamba wa kuandikia unaofanana na herufi I, kimkono cha linki, wa kuvuta dirisha kulipanua, yaani kila kazi na wake. Unaweza kubadilisha mmoja mmoja kwa Browse, au unachagua skimu nzima pale juu ikabadilisha yote kwa mpigo. Apply, OK, imeisha hiyo. Hakuna kuristati, hakuna bando linaloliwa.

Sasa tuje kwa ubora. Mshindi wangu kwa Windows 7 ni Windows Black ile ya extra large, na simuoni mpinzani. Hizi monita zetu zimechoka, mwanga umefifia, ukifungua Word ukurasa ni mweupe na mshale ni mweupe pia mdogo, lazima upotee tu. Kuna mzee mmoja mwanajeshi mstaafu huja kutaipiwa barua zake za penshoni, ila yeye hapendi kusimama nyuma yako anataka akae mwenyewe ashike mausi atafute makosa. Alikuwa anaisugua ile mausi mezani kama anapiga pasi, macho ameyakaza, "mwanangu huyu ameenda wapi tena?" namwambia afande ameingia kona ya kulia, anasema kona gani, basi tunabaki hapo. Nilipomwekea ule mweusi mkubwa akanyamaza kidogo, akaupeleka juu, akaushusha, akauzungusha kwa jina lake lote, halafu akaanza kunikosoa herufi kubwa nilizosahau. Siku hizi akikuta kijana amerudisha ule mdogo anauliza ni nani ameharibu kompyuta.

Kwa wazee kama huyu ongeza kitu kingine ambacho hakiko hapo kwa Mouse kabisa, nenda Control Panel halafu Ease of Access, ingia pale pa kufanya kompyuta ionekane vizuri, teremka chini utakuta unene wa kile kikistari kinachopepesa unapoandika. Ongeza kifike hata 4 au 5. Watu wengi wanachanganya mshale na hicho kikistari, wanabadilisha mshale wanadhani na kikistari kitafuata, hakifuati, ni vitu viwili tofauti.

Ile skimu ya Inverted nayo ina mashabiki wake, inageuza rangi ya kilicho chini yake, penye nyeupe inakuwa nyeusi na penye nyeusi inakuwa nyeupe. Akili nzuri sana mpaka ufike kwa picha yenye kijivu cha katikati, kinyume cha kijivu hicho ni kijivu hichohicho, mshale unayeyuka mbele ya macho yako. Kwa mtu wa kutaipu tu ni sawa, kwa mtu anayeshinda na picha za pasipoti hapana.

Kwa tabo ya Pointer Options kuna vitu vichache nitavipitia haraka. Ile tiki ya mwisho kabisa inayotaja CTRL weka leo leo, ukibonyeza CTRL miduara inakuja inajifunga pale mshale ulipo, ni dawa. Trails, yaani ule mkia wa mishale inayofuatana, wengine wanaupenda mimi unanipa kizunguzungu. Snap To iache, hiyo inakurukishia mshale wenyewe kwenye kitufe kila dirisha likifunguka, na kwa duka ambalo watu wanabonyeza kabla ya kusoma utafuta kazi ya mtu ukibaki unalia. Enhance pointer precision inaongeza mwendo mkono ukienda haraka na kuupunguza ukienda polepole, kwa kutaipu huoni tofauti sana ila jamaa wa dizaini wanapenda kuizima ili mkono na mshale viende sawa muda wote.

Halafu XP. Hapa ndo naona Microsoft walitunyima haki yetu baadaye, maana XP ilikuja na vituko vyake ndani kabisa, kuna skimu ya Dinosaur mjusi mkubwa anatembea pale mashine inapofikiria, kuna farasi anayekimbia, na kuna faili linaitwa banana.ani ambalo ni ndizi inajimenya yenyewe. Ndizi inajimenya yenyewe! Mama yangu aliyemenya matooke maisha yake yote angeuliza hiyo inauzwa wapi. Kwa 7 hivyo vyote vimeondoka, umebakiwa na kile kiduara cha bluu kinazunguka bila hata aibu. Na fikirieni vizuri, kwa mashine ya ramu 2GB mshale unaouona zaidi kuliko mingine yote ni huo wa kusubiri, kwa hiyo huo ndio wa kuchagua kwa makini. Watoto wa shule wakija kuprint wanagombania ile kompyuta yetu moja ya XP, wenyewe wanafungua kitu kizito makusudi ili mjusi atembee.

Swali ninaloulizwa sana ni kama haya mapambo yanafanya kompyuta iwe slow. Hapana bwana, faili zenyewe ni vidogo mno, za .cur ni picha iliyotulia na za .ani ni picha kadhaa zinazofuatana, na mshale kwa kawaida unachorwa na kadi ya grafiki juu ya picha bila kugusa vilivyo chini, ndio maana Excel ikigoma kabisa mshale bado unatembea. Kinachokula mashine ni zile programu za kuinstoo zinazokaa nyuma muda wote zikiweka vivuli na nyota na moshi. CursorFX, mojawapo ya programu hizo, inatengeneza vitu vizuri kweli sikatai, lakini kwa OptiPlex kongwe mimi siiweki, unaongeza programu nyingine ya kuwaka na Windows kwa ajili ya mshale tu.

Ukitaka kuchora wako mwenyewe tumia RealWorld Cursor Editor, ni ya bure na inakubali hata XP. Nimechora mkuki, nimechora bendera, cha kuangalia ni ile nukta inaitwa hotspot, hapo ndipo unaiambia kompyuta ncha ya mshale iko wapi. Ukiiacha vibaya unalenga kitufe hiki kinabonyezwa cha jirani yake, na mteja ataapa mausi ni mbovu.

Sasa pale ninapotoa maksi kwa ukali ni kwa zile saiti za mishale ya bure. Sio zote, ila kuna mteja aliletea laptopu yake hapa alikuwa amedaunlodi mshale wa mioyo kwa saiti moja hivi, ukaja na utepe juu ya brauza, ukurasa wa kwanza umebadilika, matangazo yanafunguka yenyewe, na ile mioyo yenyewe hata haikuwa mizuri. Kama kitu kinaitwa mshale na kimekuja kama .exe ukiache hapohapo, mshale wa kweli unakuja kama .cur au .ani, kwa kawaida ndani ya zipu, pengine na kafaili ka .inf ambako ukibonyeza kulia unachagua Install skimu nzima inaingia.

Na hata .ani sio ya kuamini kipofu kwa XP ya zamani. Mwaka 2007 mwezi wa nne Microsoft walilazimika kutoa kiraka cha dharura nje ya ratiba yao, kwa sababu faili la mshale lililotengenezwa vibaya makusudi lilikuwa linaweza kuendesha virusi, ilitosha kufungua ukurasa wa tovuti tu. XP, 2000, mpaka Vista iliyokuwa mpya wakati huo, zote zilikuwemo. Kwa hiyo kama XP yako imewekwa kwa ile CD ya SP2 (Service Pack 2, yaani furushi la pili la apdeti za XP) na haijawahi kuona apdeti, weka SP3, furushi la tatu, kwanza au usiiunganishe na intaneti, kisha ndo ucheze na mijusi.

Maksi zangu: Windows 7 nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu ukibadilisha themu inakurudishia mishale yake bila kuuliza mpaka utoe ile tiki ya Allow themes to change mouse pointers, na ufanye Save As upe skimu yako jina. XP kwa furaha tano, kwa usalama msiniulize.

Ah na nyie mnaopeleka mashine kwa fundi aiondoe XP aweke 7, kabla hajaformati chomeka flashi ukopi folda ya Cursors iliyo ndani ya folda ya Windows kwenye diski C. Mjusi, farasi na ndizi vyote vinafanya kazi kwa 7 bila shida, unaenda tu Browse unaionyesha kompyuta vilipo.