Seti ya mvinyo ya lita 25: nimeitumia Kampala kwa mananasi na ndizi

Ndani ya boksi kuna ndoo ya lita 25 yenye mfuniko na koki, kidude cha plastiki cha kutolea hewa, haidromita (kipimo kinachoelea, husoma juu zaidi kadiri sukari inavyozidi), mpira wa kunyonyea mvinyo, pakiti ya gramu 5 ya hamira ya mvinyo, vidonge vya Campden vya kuua vijidudu na karatasi ya maelekezo. Nimeitumia mara tatu, mbili kwa mananasi na moja kwa sukali ndizi, zile ndizi ndogo tamu. Haidromita na kidude cha hewa ndivyo vinavyostahili pesa. Ndoo inafaa. Koki ni balaa. Karatasi itupe.

Karatasi inasema kilo moja ya sukari kwa kila lita 4.5, tunda lolote lile. Labda inafaa kwa beri kali za Uingereza. Juisi ya mananasi ya Kayunga au Luweero yaliyoiva vizuri huanzia karibu 1.050 kwenye haidromita kabla hujatia kitu. Ukifuata karatasi unapita 1.110, na hapo hamira huchoka ikakuachia soda yenye pombe, au inamaliza na kukupa kitu cha kuunguza koo kisicho na ladha ya nanasi. Lenga 1.085. Sukari gramu 100 kwa lita hupandisha kipimo kwa takriban 0.038, kwa hiyo lita 18 za juisi zinataka kilo 1.6 hivi. Itie kidogo kidogo, koroga mpaka iyeyuke yote, ndipo upime. Sukari iliyolala chini ya ndoo itakudanganya.

Haidromita yenyewe ni ya kioo, imepangwa kwa nyuzi 20. Mchana wa Kampala juisi ina nyuzi 27 au 28, kwa hiyo ongeza 0.002 kwenye unachosoma. Kabla ya kuiamini, iweke kwenye maji safi ya nyuzi 20, isiposoma 1.000, karatasi ya namba iliyo ndani imeteleza, irudishe dukani. Seti haina mrija wa kupimia, jambo la aibu kwa bei ile. Glasi ndefu nyembamba inatosha, mradi haidromita ielee bila kugusa chini wala pembeni, na uizungushe kidogo ili mapovu yaliyoshika yadondoke.

Vidonge vya Campden: kimoja kwa lita 4.5, vilivyosagwa, kisha subiri saa 24 ukiwa umefunika kwa kitambaa tu. Ukitia hamira mapema unaiua pamoja na vijidudu. Hamira iamshe kwanza kwenye mililita 50 za maji ya nyuzi 35 hadi 40, dakika 15. Nanasi lina chakula kichache cha hamira, na hamira yenye njaa hutoa harufu ya yai bovu kuanzia siku ya tatu hivi. Seti haikuleta dawa ya kuzuia hilo. Kinachofanya kazi ni kijiko kimoja cha chai cha hamira ya mkate kilichochemshwa dakika 10 kwenye kikombe cha maji, kikapoa, kikamwagwa ndooni siku ya kwanza. Hamira iliyokufa ndiyo chakula cha iliyo hai.

Joto ndilo adui mkubwa, na karatasi hailitaji kwa sababu mwandishi wake hakulijua. Juisi inayochachuka hujipasha yenyewe nyuzi kadhaa juu ya chumba. Ikipita 30 mvinyo hutoka na harufu kali ya rangi ya kucha, na harufu hiyo haiishi hata ukiuweka mwaka. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kwa shuka lililolowa linalonyonya maji ya beseni, karibu na dirisha linalopitisha upepo. Chupa moja ya maji ya barafu asubuhi na nyingine jioni, kwa siku nne za mwanzo, ndizo zinazookoa kazi.

Kidude cha hewa kikitulia usidhani mambo yameisha. Mfuniko wa ndoo hii huvuja hewa pembeni, kwa hiyo mapovu si kipimo. Amini haidromita. Ndani ya kidude tia waragi, pombe kali ya hapa, badala ya maji: vinzi vya matunda hupenda kuzama mle, na nzi mmoja akifika kwenye mvinyo na bakteria wake umejitengenezea siki.

Koki ilidondosha tone baada ya tone tangu ndoo ijazwe. Raba yake haizibi vizuri. Ibadilishe kabla hujajaza na ijaribu kwa maji usiku mzima. Hata ikizibwa imekaa chini mno, inavuta mashapo, kwa hiyo mimi hutumia mpira. Na usiisafishe kwa jiki ukaacha masalio: klorini ikikutana na tunda huleta ladha ya plasta ya kidonda.

Kipimo kikibaki 0.998 au chini mara tatu, kila baada ya siku tatu, hamishia mvinyo kwenye chupa kubwa ya maji, uijaze mpaka shingoni. Ndoo yenye nafasi tupu huharibu mvinyo kwa hewa. 1.085 kutoa 0.998, zidisha kwa 131: asilimia 11.4 ya pombe.

Sukali ndizi ilikuwa ngumu zaidi. Bila kimeng'enya cha kuvunja pektini, utando wa tunda, haitang'aa, inabaki uji wa kijivu, na kimeng'enya hakimo kwenye boksi.

Muuzaji ana pia chungu kidogo cha kukenekea, anakitangaza kama nyongeza ya seti hii. Sikichukui. Kukeneka waragi bila leseni ni kosa hapa Uganda.

Nyota tatu kati ya tano. Ukipata haidromita, kidude cha hewa na hamira vikiuzwa peke yake, chukua hivyo, halafu ndoo ya chakula yenye mfuniko uitoboe mwenyewe.